Chambo Hai: Kinakotoka, Kinavyotunzwa na Kinavyotiwa Ndoanani

Maandishi ya mazungumzo kwa wavuvi, kina mama wachuuzi wa samaki na vijana wa Kipini, Ozi, Ngao na Garsen



Kijana aliyekulia Ngao au Garsen hujifunza kuvua kwenye maji matamu. Mshipi wake wa kwanza huutupa Ziwa Shakababo au kwenye kona ya Mto Tana, na chambo chake ni nyungunyungu aliyechimbwa chini ya mgomba. Kwa nyungunyungu huyo hupata kambare, na akibahatika hupata kamongo. Kazi hiyo anaijua vyema. Kisha siku moja, maji ya ziwa yakiwa yamepungua na mfuko umekauka, anapanda gari hadi Minjila, anapita Witu na kushuka Kipini akiwa na kopo lake la nyungunyungu, akiamini kuwa samaki ni samaki.

Bahari humfunza saa hiyo hiyo. Nyungunyungu akiingia maji ya chumvi hujikunja, hutoa ute, na baada ya dakika chache hulegea na kupauka kama kamba ya kiatu iliyoloa. Chumvi humnyonya maji mwilini. Ndoanani anabaki kitu kisichocheza wala kunukia chochote ambacho kolekole anakijua. Kijana hurudi pwani mikono mitupu, amelipa nauli, amechangia petroli ya boti, na nyumbani wanamsubiri.

Sehemu kubwa ya wakazi wa kaunti hii huishi kwa mto, na sehemu nyingine huishi kwa bahari. Kwenye delta pande hizo mbili hukutana, na ujuzi wa upande mmoja hautoshi upande wa pili. Ndiyo maana suala la chambo hai, ambalo kwa mtu wa Kipini laweza kuonekana jambo la kawaida mno, linastahili kuzungumzwa kwa marefu. Lipo na jambo la pili, zito zaidi, kuhusu chambo hicho kinakotoka. Litafikiwa mbele kidogo, na huenda wengine wasilifurahie.

Kwanza, kwa nini chambo kiwe hai? Samaki wanaowinda kwa macho, kama kolekole, nguru, tengesi na kungu wa mikokoni, huchokozwa na mwendo. Kamba anayeruka kinyumenyume, au mkizi mdogo anayeyumba upande mmoja kwa kuwa amejeruhiwa, humwambia samaki mkubwa kwamba hapa pana chakula rahisi. Chambo kilichokufa hakisemi hivyo. Mvuvi wa mshipi aliye na kamba kumi walio hai mara nyingi humpita mwenzake aliye na kilo nzima ya kamba waliokufa, ingawa wote wameketi kwenye mtumbwi mmoja.

Ila si kila mahali wala kila wakati. Mto Tana unapofurika, kama ilivyokuwa mwishoni mwa 2023 na tena Mei 2024, maji ya Ghuba ya Ungwana huwa mekundu kama chai ya maziwa hadi mbali na pwani. Kwenye maji kama hayo samaki haoni mbele yake, na anayefaidi ni yule anayewinda kwa pua: hongwe, taa na papa. Hapo kipande cha ngisi au cha mkizi aliyekatwa, chenye damu na harufu, hufaa kuliko kamba hai anayecheza gizani. Mvuvi anayetumia nusu ya usiku kutafuta chambo hai wakati maji yamechafuka kiasi hicho anapoteza usingizi wake bure. Chambo hai ni cha maji yanayoonekana. Huanza kulipa hasa mafuriko yakishatulia na upepo wa kaskazi ukiingia, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, bahari inapotulia na maji ya ghuba kuwa meupe. Wakati wa kusi hubaki na kazi yake ndani ya mikono ya mto na kwenye mikoko, ambako mawimbi hayafiki.

Basi kipi kwa nani? Kamba ndiye chambo cha wote. Changu humla, kolekole mdogo humla, na chewa humla bila maswali. Kungu wa mikokoni, yule anayejificha kwenye mizizi karibu na Kau na Ozi, humpenda kamba hai kuliko kitu kingine, na akishashika hukimbilia mizizini, hivyo mshipi uwe mnene na mkono uwe tayari. Mkizi mdogo wa urefu wa kidole au kiganja ni chambo cha kolekole mkubwa na tengesi. Wahenga walisema hasira za mkizi ni tijara ya mvuvi, kwa sababu mkizi akishtuka huruka juu na wakati mwingine huangukia ndani ya chombo. Mkizi huyo huyo ana faida nyingine isiyotajwa na methali: ni mgumu wa kufa. Huishi kwenye maji ya chumvi na huvumilia pia maji yaliyochanganyika na ya mto, kwa hiyo akivuliwa karibu na mlango wa mto na kupelekwa baharini hashtuki upesi.

Chaa hufaa, lakini magamba yake hutoka kwa urahisi na akishikwa kwa mkono mkavu hufa mapema. Chuchunge ni chambo cha nguru na cha sulisuli, na wavuvi wa boti za kitalii kule Malindi na Watamu wanamjua vizuri. Dagaa na vibua huita samaki wengi ila hufa haraka kuliko wote, na asiye na chombo kizuri cha kuwawekea asijisumbue nao. Ngisi aliye hai ni dhahabu kwa chewa mkubwa, lakini ngisi huyo huyo ana bei sokoni, na mvuvi mwenye hesabu hujiuliza kwanza kama anachokitafuta kitazidi anachokitia ndoanani. Kaa wadogo wa ufuoni huliwa na changu na wengine wenye meno ya kuvunja gamba. Minyoo ya matopeni, ile inayochimbwa maji yakipwa, hufaa kwa samaki wadogo karibu na ufuo.

Sasa jambo zito. Chambo hiki kinatoka wapi?

Kwa sehemu kubwa kinatoka mikokoni na kwenye maji mafupi ya mlango wa mto. Mahali hapo si ghala lisilo na mwenyewe. Kamba jike hutaga mayai baharini, mamia ya maelfu kwa mara moja. Vitoto vyake, vidogo kuliko chembe ya mchele, hubebwa na maji kujaa hadi ndani ya mikoko. Hapo hukaa miezi michache wakila na kukua kwenye tope na vivuli vya mizizi, kisha hurudi baharini wakiwa wakubwa, na ndipo huvuliwa kwa bei nzuri. Mikizi wadogo, kungu wadogo na chewa wadogo nao hulelewa humo humo. Delta ya Tana ilitambuliwa mwaka 2012 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, na sababu mojawapo ni malezi haya ya samaki.

Kisha huja chandarua. Chandarua kilichotolewa kwa ajili ya kumkinga mtoto dhidi ya malaria hufungwa kwenye fito mbili, na watu wawili hukikokota kwenye maji ya kiunoni. Tundu lake ni dogo kiasi kwamba mbu hapiti, na ambapo mbu hapiti kitoto cha kamba pia hapiti. Kinachotoka majini ni rundo la uduvi, kamba wachanga, samaki wa urefu wa ukucha na nyasi za bahari zilizong'olewa. Mtu huchagua wale wanaofaa kwa chambo, na waliobaki huachwa mchangani wakakauka.

Hebu pigeni hesabu ya mfano, si takwimu za utafiti. Tuseme mkokoto mmoja umeleta kamba wachanga 500, na mvuvi anahitaji 40 kwa usiku wake. Wamebaki 460. Tuseme wengi wao wangeliwa na samaki wengine au wangekufa kwa sababu zao wenyewe, na ni mmoja tu kati ya kumi ambaye angefika ukubwa wa kuuzwa. Hao ni kamba 46. Kila mmoja akiwa na gramu 20, inakaribia kilo moja ya kamba wa sokoni iliyotupwa ili kupata chambo cha usiku mmoja. Mikokoto ikiwa kumi kwa usiku, kwa siku zote za bamvua, kila mtu ajihesabie mwenyewe.

Ni rahisi kuwalaumu kina mama na watoto wanaoonekana na vyandarua hivyo, na lawama hiyo haina haki yote. Anayevua uduvi wa kupika mboga jioni hana boti, na mara nyingi anayenunua chambo chake ni mvuvi mwenye boti. Mnunuzi akikataa kununua chambo cha chandarua, na akaeleza kwa adabu ni kwa nini, biashara hiyo hupungua bila mtu kukimbizwa ufuoni. Kamba wa chandarua hata hivyo ni chambo kibovu. Wamebanwa na nyasi, miguu imekatika, wengi wamekufa kabla ya kuhesabiwa.

Wazee wa ghuba hii wanakumbuka vizuri mvutano kuhusu meli za kukokota nyavu za kamba. Malalamiko ya wavuvi wadogo yalisikika, na mwaka 2006 serikali ya kitaifa ilisimamisha uvuvi huo. Mwaka 2010 ukaja mpango wa usimamizi wa uvuvi wa kamba, uliozitaka meli kukaa zaidi ya maili tatu za baharini kutoka pwani na kufunga msimu kuanzia Novemba 1 hadi Machi 31. Juya la kukokota ufukweni nalo lilipigwa marufuku mwaka 2001. Wavuvi wa Kipini waliotetea ghuba dhidi ya nyavu za meli walikuwa na hoja nzuri: kwamba anayevua kitoto anavua riziki ya mwenzake. Hoja hiyo haibadiliki kwa sababu wavu umekuwa mdogo na anayeukokota ni jirani.

Njia iliyo bora ni kimia, wavu wa kurushwa kwa mkono, wenye tundu linaloacha wachanga kabisa wapite. Kimia humpa mvuvi wale anaowataka na humruhusu kuwarudisha wengine wakiwa hai, papo hapo, kabla hajarusha tena. Mrushaji mzuri hupata chambo cha usiku kwa mirusho michache maji yakianza kupwa, kamba na mikizi wanapotoka mikokoni kwenye vijito. Nyavu za nailoni za uzi mmoja zisitumike hata kwa chambo. Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016 imezikataza, na wavu wa aina hiyo ukipotea majini huendelea kuua bila mwenyewe. Lema dogo lililofumwa kwa fito, likitegwa kwenye kijito na kuangaliwa kila maji yanapobadilika, nalo huleta chambo kisicho na jeraha. Kaa jike mwenye mayai tumboni arudishwe majini. Na wale kaa wakubwa wa mikokoni wasitiwe ndoanani hata kidogo, kwani mchuuzi humlipa mvuvi vizuri zaidi ya samaki atakayempata kwa kaa huyo.

BMU zina uwezo wa kukubaliana kuhusu haya kwa sheria zao ndogo: vijito gani vipumzishwe, tundu la kimia liwe la ukubwa gani, chambo kiuzwe saa ngapi na wapi. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, maafisa wa uvuvi wa kaunti wapo wa kusaidia kuandika sheria hizo ndogo, na wavuvi wanahimizwa kuwaita mapema, kabla ugomvi haujazuka diko moja na jingine.

Chambo kikishapatikana, kinachokiua kwanza ni joto na kukosa hewa. Ndoo ya plastiki ikiachwa juani Kipini saa nne asubuhi huwa maji ya kuoga. Maji yenye joto hubeba hewa kidogo kuliko maji ya baridi, na wakati huo huo samaki kwenye joto huhitaji hewa zaidi. Mtu akiwajaza mikizi 50 humo, baada ya nusu saa wanaelea wakitafuta pumzi juu ya maji, na hiyo ni dalili ya mwisho. Afadhali mikizi kumi wanaochangamka.

Ndoo ikae kivulini, ifunikwe kwa gunia lililoloa. Maji yabadilishwe mara kwa mara, robo au nusu kwa wakati, si yote kwa mkupuo mmoja. Hapa ndipo wavuvi wa delta wanahitaji uangalifu ambao mvuvi wa Malindi hahitaji sana. Maji ya Kipini si ya namna moja. Mto Tana humwaga maji yake hapo kwa sababu ya mfereji wa Belazoni, uliochimbwa karne ya 19 enzi za utawala wa Witu na kuunganisha mto na Ozi; kabla ya hapo mlango mkuu ulikuwa kusini zaidi. Kwa hiyo maji yakipwa mbele ya Kipini huwa karibu matamu, na yakijaa chumvi hupanda juu hadi Ozi, kama wakulima wa mpunga wa huko wanavyojua kwa uchungu. Kamba aliyevuliwa kwenye maji ya nusu chumvi akimwagiwa ghafla maji ya bahari kuu hushtuka, huwa mweupe mgongoni na kufa. Mvuvi anayetoka na boti aongeze maji ya bahari kikombe kwa kikombe njiani, ili afikapo mahali pa kuvua chambo kiwe kimeshazoea.

Mikono yenye petroli isiingie ndani ya ndoo. Aliyetoka kujaza tangi la injini aoshe mikono kwanza, na asioshe kwa sabuni kisha akaichovya humo bila kuisuuza. Ndoo ya bati yenye kutu haifai. Jerikeni lililobeba dawa ya shamba halifai kamwe, hata likioshwa mara kumi. Mwenye uwezo anaweza kununua pampu ndogo ya hewa inayotumia betri. Asiye nayo achote maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu, yaingie na mapovu. Ni kazi ya mtoto, lakini chambo huishi.

Watu wa visiwa vya Maldivi, ambao huvua jodari kwa fimbo na mshipi, walitatua jambo hili zamani kwa namna ambayo fundi wa mashua wa hapa anaweza kuielewa kwa kuitazama mara moja. Ndani ya dau lao hutenga chumba cha chambo chenye matundu chini, maji ya bahari yakaingia na kutoka chombo kikiwa kinakwenda, na samaki wadogo hukaa humo kama wako baharini. Kwa mtumbwi wa Kipini hali ni rahisi zaidi: kikapu au tenga lililofungwa mdomo, likiburutwa polepole ubavuni chombo kikiwa kimetia nanga, hufanya kazi ile ile. Lisiburutwe wakati injini inakimbia, kwani maji huwapiga samaki ukutani.

Kamba wana njia yao. Kwa safari fupi huweza kukaa nje ya maji kabisa, wakipangwa kwenye kikapu kati ya matabaka ya nyasi za bahari au gunia lililoloa maji ya chumvi, mahali penye baridi na kivuli. Matamvua yao yakibaki na unyevu wanaendelea kuishi. Wakimwagiwa maji ya bomba wanakufa.

Kutia ndoanani ni suala la kumwacha chambo aogelee. Kamba atazamwe kwenye mwanga: kichwani, ndani ya gamba, huonekana doa jeusi. Hapo ndipo uhai wake ulipo. Ndoana ipite chini ya ule mwiba wa kichwani, mbele ya doa na bila kuligusa, naye ataruka kwa muda mrefu. Ikiwa mkondo ni mkali, ndoana ipite kwenye pingili ya mwisho karibu na mkia, asije akavutwa akang'oka.

Mkizi anayevutwa mkondoni atiwe ndoana midomoni, kuanzia chini kwenda juu, ili aendelee kupumua akitazama mkondo. Anayening'inizwa chini ya boya atiwe mgongoni, mbele kidogo ya pezi, juu ya uti na bila kuugusa. Ndoana ikipita karibu na mkia kwa chini, mkizi hujitahidi kushuka, na hilo linafaa pale chewa walipo chini. Kaa atolewe makucha, ndoana ipite pembeni mwa gamba la nyuma. Na mkono unaomshika samaki uwe umeloa, kwa sababu mkono mkavu humtoa ute unaomkinga.

Kuhusu ndoana, kosa linaloonekana mara nyingi ni kutumia ndoana kubwa kwa tamaa ya samaki mkubwa. Ndoana nzito humzamisha chambo na kumuua. Ndoana ifuate ukubwa wa chambo. Wanaonunua wakumbuke kwamba kwa namba za kawaida, namba ikipanda ndoana hupungua, ila zile zenye alama ya sifuri nyuma yake, kama 2/0 na 5/0, namba ikipanda ndoana hukua. Ndoana ya mviringo, ile ambayo ncha yake imegeukia ndani, hufaa sana kwa chambo hai. Mvuvi haivuti kwa nguvu samaki anapogusa. Huacha mshipi ukaze polepole, na ndoana hujigeuza ikashika kona ya mdomo. Wengi huikataa siku ya kwanza kwa sababu mkono umezoea kushtua mshipi, na kila wakishtua samaki huponyoka. Wakivumilia wanaona faida yake: samaki mdogo huachiliwa akiwa mzima, na kasa akishika chambo kwa bahati mbaya ndoana haimezwi hadi tumboni. Kasa analindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013. Akinaswa, avutwe taratibu, mshipi ukatwe karibu kabisa na ndoana, aachwe aende. Kwa tengesi na nguru pawe na waya mfupi juu ya ndoana, kwani meno yao hukata nailoni kama wembe.

Chubwi iwe nyepesi iwezekanavyo, au isiwepo kabisa.

Usalama nao hauwezi kurukwa, maana chambo hutafutwa usiku, majini, na watu wanaotembea kwa miguu. Vijito vya delta vina mamba, na viboko hushuka hadi karibu na mlango wa mto. Mtu asiingie kwenye maji ya kiunoni peke yake usiku kurusha kimia, na watoto wasitumwe kabisa. Kimia kinaweza kurushwa kutoka ndani ya mtumbwi au juu ya ukingo mgumu, watu wawili, taa moja. Hongwe akiingia kwenye kimia, miiba yake ya mapezi ishughulikiwe kwa koleo, na taa mwenye mwiba wa mkiani vivyo hivyo. Bunju, yule anayejivimbisha kama mpira, arudishwe majini na asipelekwe nyumbani hata kwa watoto kuchezea. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa. Wanaovuka mlango wa mto kwenda nje wavae jaketi za kujiokoa kabla ya kufika kwenye mawimbi yanayovunjika pale mto unapokutana na bahari. Kulivaa jaketi wakati boti imeshainama haiwezekani. Saa nzuri ya kuvuka ni maji yakiwa yanajaa, si yanapopwa kwa nguvu dhidi ya upepo.

Yabaki maswali mawili ambayo wavuvi huuliza kila mara.

La kwanza: je, chambo hai kiuzwe bei gani? Hilo wavuvi na wauzaji waamue wenyewe dikoni, ila anayelipa ahesabu walio hai tu. Mtindo wa kuuza kwa kikombe, hai na mfu pamoja, humtuza anayejaza ndoo kupita kiasi. Ukiuzwa kwa idadi ya wanaoruka, muuzaji mwenyewe atatafuta kivuli na kubadilisha maji, na hatavua zaidi ya anavyoweza kutunza.

La pili: kilichobaki alfajiri kifanywe nini? Chambo hai kilichosalia kisimwagwe mchangani. Kama kilivuliwa kwenye delta hii hii, kirudishwe kwenye kijito kile kile, maji yakiwa yanajaa, kwa kuinamisha ndoo polepole ndani ya maji ya kivulini karibu na mizizi. Kilichokufa kikatwe vipande, kitiwe chumvi ya kutosha, kifungwe kwenye mfuko na kuwekwa mahali penye baridi. Usiku wa pili, maji yakiwa machafu, hongwe hatauliza kama kilikuwa hai.

Wavuvi wanaotaka kuonyeshwa kwa vitendo jinsi ya kurusha kimia na kutia ndoana ya mviringo wanaombwa kujiandikisha kwa viongozi wa BMU zao, au kumwona afisa wa uvuvi aliye karibu nao. Waje na ndoo zao.